Anayejifunza useremala nyumbani aanze na mbao, si na mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu, mimi niliyeishi kwa kazi ya useremala na ninayependa kuona wengine wakiipenda. Wapo watu wengi wanaotamani kutengeneza kwa mikono yao rafu ya vitabu, kigoda cha mtoto au meza ndogo ya kuwekea taa, tena si kwa biashara bali kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, na hamu hiyo inafaa kutiwa moyo. Lakini mafundisho mengi yanayowafikia huanza na picha ya meza iliyokwisha kung'arishwa, yakaendelea na orodha ndefu ya mashine, na baina ya hayo mawili hakuna neno hata moja kuhusu mbao zenyewe. Ninachopendekeza ni kuugeuza utaratibu huo. Anayeanza aijue mbao kwanza, kisha ajue kupima na kunoa, halafu atengeneze kitu kimoja kidogo kwa zana za mkono. Mashine zije baadaye, wakati ambapo tayari anafahamu anazitakia kazi gani.

Mbao, hata ikishakauka na kupakwa rangi, haiachi kupokea na kutoa unyevu wa hewa. Mti mbichi una maji yaliyojaa ndani ya matundu ya seli zake, na una maji mengine yaliyonywewa na kuta za seli hizo. Yale ya kwanza yanapotoka, mbao hupungua uzito tu na umbo lake halibadiliki. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, ndipo kuta za seli zinapoanza kupoteza maji na mbao ikaanza kusinyaa. Wala haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, badiliko ni dogo kiasi kwamba fundi wa nyumbani anaweza kuliacha nje ya hesabu zake. Kwa upana ni kubwa, na kusinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hukaribia mara mbili ya kusinyaa kwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Hiyo ndiyo sababu ya ubao kubetuka: pete zinazoonekana kichwani mwake hutaka kunyooka kadiri unavyokauka, na ubao mzima hulazimika kuzifuata.

Tuchukue mfano wa uso wa meza uliounganishwa kwa mbao kadhaa hadi ukafikia upana wa sentimita 60. Kati ya majira ya ukavu na majira ya unyevu, upana huo unaweza kuongezeka au kupungua kwa milimita 5, na pengine zaidi, kutegemea aina ya mti na namna ulivyopasuliwa. Mwanafunzi asiyelijua hilo huchukua vipande viwili vya mbao, akavilaza chini ya meza kukatiza upana wake, akavipaka gundi na kuvikaza kwa skrubu ili uso usipinde. Vipande vile havibadiliki, kwa kuwa nyuzi zake zinaelekea upande mwingine. Uso wa meza unataka kusinyaa, nao unazuiwa. Ufa utakaotokea mara nyingi hautafuata mahali palipoungwa kwa gundi, maana gundi nzuri iliyoshika vizuri ina nguvu kuliko mbao iliyo kando yake. Utapita katikati ya ubao mzima, kwa kufuata nyuzi, na mwenye meza atailaumu mbao au aliyemuuzia. Dawa yake ni rahisi: matundu ya skrubu katika vile vipande vya chini yatobolewe yawe marefu kidogo kwa kuelekea upana wa meza, skrubu zikazwe kwa kiasi, na gundi isitumike hapo kabisa. Uso utabaki umenyooka na utakuwa na nafasi ya kupanuka na kusinyaa. Nimeletewa meza nyingi zenye ufa wa namna hiyo, na karibu zote zilikuwa zimefanyiwa kazi nzuri ya msasa na vanishi na watu wenye bidii, ambao walikosa mtu wa kuwaambia neno hili moja.

Ujuzi huu huanza kutumika siku ya kununua. Ubao ushikwe kwa ncha moja, uinuliwe usawa wa jicho na kutazamwa urefu wake wote, kwani mpindo usioonekana ubao ukiwa umelazwa hudhihirika mara moja kwa njia hiyo. Kitazamwe na kichwa chake: ubao wenye kiini cha mti ndani yake ni mwepesi wa kupasuka unapokauka, na wenye fundo kubwa karibu na ukingo ni dhaifu mahali hapo. Mbao ikishafika nyumbani isikatwe siku hiyohiyo. Ilazwe kwa wiki kadhaa katika chumba ambamo fanicha itakaa, vijiti vyembamba vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite pande zote. Fanicha za ndani kwa kawaida hutengenezwa kwa mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12 au karibu na hapo, na kwa asiye na kipimo cha unyevu, kusubiri huko kunamsaidia kuliko kukisia.

Wengi huanza na mbao za paleti, yaani yale majukwaa yanayobebea shehena. Si vibaya, ila muhuri uangaliwe. Paleti zinazosafiri kati ya nchi na nchi hupigwa alama ya kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, na ndani ya alama hiyo herufi HT humaanisha kwamba mbao ilipashwa moto ili kuua wadudu, ilhali MB humaanisha kwamba ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ambayo ni sumu. Mimi nisingetengeneza kitanda cha mtoto kwa ubao wenye alama ya MB, wala kwa paleti yenye madoa ambayo hayajulikani yametokana na nini. Vivyo hivyo mbao kuukuu za nje, zile zenye rangi ya kijani hafifu kwa sababu ya kutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, hazifai kupigwa msasa wala kuchomwa. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo katika mbao za matumizi ya majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na tatizo lenyewe lilikuwa hiyo aseniki.

Kuhusu kupima, mafundisho mengi hukariri kwamba mtu apime mara mbili kabla ya kukata, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi. Mstari wa penseli una unene wake, na msumeno nao hula njia yenye upana wa milimita moja hadi mbili, kwa hiyo anayekata juu ya mstari hajui hasa amekata wapi. Afadhali mstari uchorwe kwa kisu chenye ncha, skwea, yaani kifaa cha kupimia pembe mraba, ikiwa imebanwa barabara kwenye ukingo ulionyooka. Kisu hukata nyuzi za juu na kuacha mfereji mwembamba ambamo ncha ya patasi hutulia yenyewe; msumeno hupitishwa upande wa kipande cha kutupa, na mstari hubaki salama kwenye kipande cha kazi. Tena, mahali ambapo vipande kadhaa vinatakiwa kulingana, tepu iwekwe kando. Miguu minne ya kigoda haipimwi mmoja mmoja, bali hubanwa pamoja na kuchorwa yote kwa mstari mmoja, na hata kama kipimo kimezidi kwa milimita, kigoda hakitayumba. Fremu au kasha likishaungwa, lipimwe kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Ikiwa pande zinazokabiliana zinalingana na vipimo hivyo viwili vya mshazari vinalingana pia, pembe zote ni mraba.

Sasa kunoa, na hapa naomba uvumilivu wako, Mhariri, kwa sababu naamini wengi wa walioiacha kazi hii walikatishwa tamaa na patasi butu, wakadhani ni mikono yao isiyofaa. Patasi na randa nyingi zinazouzwa haziwi tayari kwa kazi siku zinaponunuliwa. Kwanza mgongo wa patasi, yaani ule upande bapa, usuguliwe juu ya jiwe la kunolea mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote, kwa kuwa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mikwaruzo, makali nayo hutoka na mikwaruzo. Kisha ugeukiwe upande ulioinama, ambao kwa kawaida hutoka kiwandani ukiwa na mwinamo wa digrii 25. Ncha yake inuliwe kidogo na kunolewa kwa digrii 30 hivi, kwa maana makali membamba kupita kiasi humenyeka yakigongwa na nyundo. Asiye na jiwe anaweza kubandika msasa laini juu ya kioo kinene, akaanza na namba 400 na kupanda hadi 1000 na zaidi.

Baada ya kusugua kwa muda, mtu apitishe kidole taratibu kwenye mgongo wa patasi, kutoka juu kuelekea nje ya ncha na wala si kwa kufuata urefu wa makali. Atahisi kijukingo chembamba cha chuma kilichojikunjia upande huo. Kikihisika kutoka kona moja hadi nyingine bila kukatika, upande ule umenolewa ukafika. Patasi igeuzwe, ilazwe bapa kabisa juu ya jiwe, na kijukingo kile kiondolewe kwa misuguo michache. Jaribio zuri ni kukata kichwa cha ubao wa mti laini kama msonobari, pale nyuzi zilipokatizwa. Patasi butu huziponda nyuzi zile na kuacha uso mweupe wenye vijishimo, ilhali patasi iliyonolewa huacha uso laini unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Yule aliyeiona tofauti hiyo kwa macho yake hahitaji tena kusisitiziwa umuhimu wa kunoa. Kinyume cha inavyodhaniwa, patasi kali pia ni salama zaidi, kwa sababu butu hudai nguvu, na nguvu ikiteleza ndiyo inayojeruhi. Kanuni isiyo na ubaguzi ni kwamba mikono yote miwili ibaki nyuma ya makali, na kazi ishikwe na jiriwa au klampu, si kwa kiganja.

Zana za kuanzia si nyingi: msumeno wa kukatia na wa kupasulia, skwea, tepu, kisu, patasi mbili, randa moja, nyundo, drili ya mkono au ya umeme, bisibisi, klampu chache na jiwe la kunolea. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami sioni haja ya mwanafunzi kuhangaika na majina ya watengenezaji. Randa kuukuu iliyonolewa vizuri na kupitishwa kwa kufuata nyuzi zinakopanda hufanya kazi ambayo mpya iliyo butu haiwezi. Ikipitishwa kinyume, nyuzi hung'oka na kuacha mashimo, na hapo dawa ni kuugeuza ubao na kuanza upande wa pili.

Kitu cha kwanza cha kutengeneza, kwa maoni yangu, kiwe benchi dogo la mbao tano: moja ya kukalia, mbili za miguu, na mbili nyembamba za pembeni zinazounganisha miguu chini ya kikalio. Urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 25 na unene wa milimita 25 vinatosha, na kimo kiwe sentimita 45 hivi, ambacho ndicho kimo cha kawaida cha kiti. Nalichagua kwa sababu linafundisha mengi kwa mbao chache. Nyuzi za kikalio zinakwenda kwa urefu wake. Nyuzi za miguu zinasimama kutoka sakafuni kwenda juu. Hivyo upana wa kikalio na upana wa miguu unaelekea upande mmoja, na majira yakibadilika vyote hupanuka na kusinyaa pamoja bila kugombana, nazo mbao za pembeni zinafuata nyuzi za kikalio na hazikizuii. Aliyeyaelewa mafundisho ya mwanzo kuhusu mbao atayaona yamekaa ndani ya benchi hili.

Mbao za pembeni hukaa katika mapengo yanayokatwa kwenye pembe za juu za miguu, na kila pengo linahitaji mkato mmoja wa kukatiza nyuzi na mmoja wa kupasua, yaani wa kuzifuata nyuzi. Mwanafunzi atahisi mkononi jinsi msumeno mmoja unavyokwenda vizuri katika mkato wa kwanza na kusuasua katika wa pili, kwa kuwa meno ya kukatia yamechongwa kama ncha za visu vya kukata nyuzi, na meno ya kupasulia kama patasi ndogondogo za kuzichimba. Mikato iachwe imezidi kidogo, kisha patasi ikamilishe hadi kwenye mstari wa kisu, ubao wa pembeni ukijaribiwa mara kwa mara mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, ni mwingi. Ukianguka wenyewe, ni mdogo, na hapo gundi haitauokoa.

Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa nguvu sana mahali ambapo nyuzi za vipande viwili zimelala sambamba, na hushika vibaya kichwani mwa ubao, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa huinyonya. Skrubu nazo zina tabia inayofanana na hiyo: inayoingia kichwani mwa mguu hushika kidogo kuliko inayoingia ukingoni mwa ubao wa pembeni, kwa hiyo kikalio kifungwe zaidi kwenye mbao za pembeni. Kila skrubu itanguliwe na tundu jembamba lililotobolewa kwa drili, lenye upana wa shina la skrubu bila meno yake. Kwenye mbao ngumu, anayeliruka tundu hilo ama atapasua ubao ama atakata skrubu. Klampu zinapokazwa, matone madogo ya gundi yanayojipanga kwa usawa kando ya kiungo huonyesha kwamba gundi imetosha na imesambaa. Benchi liachwe saa 24 kabla ya kukaliwa. Msasa uanze na namba 120 na kuishia 180 au 220, ukifuata nyuzi daima, na sina zaidi la kusema kuhusu msasa, isipokuwa kwamba haufichi kiungo kibaya.

Kuna hatari mbili ambazo hazitajwi vya kutosha. Vumbi la mbao liliorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yaliyo nyuma yake. Anayepiga msasa avae barakoa inayochuja vumbi laini, afungue madirisha au afanyie kazi nje, na asifagie kwa kutimua. Hatari ya pili iko kwenye kitambaa. Mafuta ya kitani, ambayo wengi huyapenda kwa kung'arisha fanicha, hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, na muungano huo hutoa joto. Kitambaa kilicholoweshwa kwa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa, joto hukusanyika ndani mpaka kikawaka chenyewe bila kibiriti, hata saa kadhaa baada ya fundi kwenda kulala. Kitandazwe nje mpaka kikauke na kukakamaa, au kiloweshwe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.

Mashine sizikatai. Nilichosema ni kwamba zisubiri, kwa sababu msumeno wa umeme hukuza kila kosa la kipimo kwa kasi isiyotoa nafasi ya kufikiri, na ule wa mezani unaweza kuurusha ubao nyuma kwa aliyeusimamia vibaya. Siku itakapofika, miwani ya kinga na vizuia sauti vivaliwe, glavu zivuliwe mbele ya chombo chochote kinachozunguka, kwani zikinaswa huvuta mkono pamoja nazo, na umeme ukatwe kabla ya kubadilisha meno.

Utaratibu ninaoutetea si mpya. Mwaka 1866 nchi ya Finland, kwa juhudi za mwalimu Uno Cygnaeus, iliingiza kazi za mikono katika shule zake za msingi kama somo la lazima, na katika miaka ya 1870 Otto Salomon alianza kuwafundisha walimu huko Nääs, Sweden, mfumo ulioitwa slöjd, uliovuta walimu kutoka nchi nyingi. Mwanafunzi wake alianza na kisu na kipande cha mti, akatengeneza vitu vya kutumika nyumbani kuanzia vilivyo rahisi kwenda vilivyo vigumu, na kila kitu kipya kilimwongezea zoezi ambalo alikuwa hajalifanya. Watoto walipewa visu vikali na wakaaminiwa navyo. Sioni sababu ya mtu mzima wa leo, mwenye meza ya jikoni na saa chache za mwisho wa juma, kunyimwa ngazi hiyo na kurushwa moja kwa moja kwenye kabati lenye milango.

Ombi langu kwa gazeti lako, na kwa yeyote anayechapisha maelekezo ya fanicha za nyumbani, ni kwamba mchoro wa kila kifaa uonyeshe kwa mshale mwelekeo wa nyuzi za kila ubao, vipimo vitolewe kwa milimita, utajwe unyevu au muda wa kusubirisha mbao, na maelekezo ya rafu au kabati refu yasiachwe bila kueleza jinsi ya kulifunga ukutani ili lisimwangukie mtoto anayelipanda. Mambo hayo yataongeza aya mbili katika ukurasa. Nafasi ikikosekana, picha ya meza iliyong'arishwa ipunguzwe.

Wako,
Seremala na msomaji wa gazeti hili